Gari Dogo la Somo

Mjukuu wangu anaishi ng'ambo, katika mji wenye treni zinazopita barabarani katikati ya maduka, na kila akinipigia simu hunipa habari za treni hizo utadhani ni mali ya babake. Juzi alikuwa na hasira. Watu wa mji ule wanagombana: treni yenye kusimama kila kituo, je, itaweza kushindana na mtu aliyeingia garini mwake, akafunga mlango na kwenda moja kwa moja? Yeye anasema itaweza. Mkewe anasema haiwezi. "Bibi, wewe waonaje?" akaniuliza, kwa kunichezea tu, maana anajua Pemba haijapata kuwa na reli.

Nilimwambia ugomvi huo ulikwisha kuamuliwa barazani kwetu, Wete, kabla mama yake hajazaliwa. Akacheka. Sikumweleza zaidi, kwa sababu jambo lenyewe halisemeki kwenye simu, na mimi nikianza kulisema huwa silimalizi. Labda nikiandika nitalimaliza.

Baba alikuwa fundi wa kanzu. Cherehani yake ilikaa barazani mbele ya nyumba yetu, kwa hiyo baraza ile haikuwa na siku ya kukosa watu. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa rafiki yake. Walikuwa na jina moja, wakaanza kuitana somo tangu chuoni, walipokuwa wakikalia mkeka mmoja mbele ya mwalimu wa Kurani, na hata walipoota ndevu hapana aliyemwita mwenziwe vingine. Sisi watoto tulimwita Baba Somo. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda chakula na kumwogopa mkewe, na alikuwa na kitu ambacho mtaa mzima haukuwa nacho: gari dogo jeusi, alilolinunua likiwa limeshachoshwa na mwenyewe wa kwanza, ambalo alilikodisha kwa wenye haja.

Baba hakuwa na gari wala hakulitamani. Yeye alikuwa mtu wa basi. Basi la Wete na Chake lilikuwa na bodi la mbao lililopakwa rangi ya kijani, mabenchi yasiyokuwa na huruma, na turubali la kuteremshwa pembeni mvua ikija. Lilisimama kila penye mtu, na pasipo mtu lilisimama kuuliza kama yupo. Dereva alipokea vikapu, kuku, dawa na salamu, na salamu alizifikisha kwa mdomo wake mwenyewe, hakuzifupisha. Mbele ya ushahidi wote huo Baba alishikilia kwamba basi halishindwi na gari dogo.

"Hesabu vyema, somo," alikuwa akisema, mguu ukikanyaga cherehani. "Mtu akitaka gari lako, kwanza akutafute. Akikupata, uko kwenye sahani. Ukishakula, huna maji ya kutia kwenye rejeta. Ukishatia maji, lataka kusukumwa na wasukumaji wamekwenda kuswali. Hapo basi lishafika Chake zamani."

"Hayo ya kabla ya safari," Baba Somo akijibu. "Mie nasema njiani. Njiani basi lako ni konokono."

"Njia haianzi barabarani, yakhe. Yaanzia kizingitini."

Waliyasema hayo kila siku ya Mungu, na waliokuwa barazani waliyasikiliza kila siku kama jambo jipya. Mwisho wakachoka wao, wasikilizaji, wakasema basi washindane, Wete mpaka Chake, na atakayeshindwa anunue halua. Shehe wa msikiti wetu, aliyekuwa amekuja kupimwa kanzu, akasema hiyo ni kamari na kamari ni haramu. Ikakubaliwa halua inunuliwe na wote wawili, mshindi na mshinde, sawasawa. Kuanzia hapo kila mtu aliona mashindano hayo hayana budi kufanyika.

Mimi nilitiwa kwenye gari dogo niwe jicho la Baba. Mtoto wa Baba Somo akatiwa kwenye basi awe jicho la babake. Nilikuwa bado mdogo, na kukaa kiti cha mbele kulinitia kiburi ambacho nadhani sijapona mpaka leo. Tulitoka Wete sisi mbele. Basi lilikuwa bado likipakia mikungu ya ndizi juu. Gari likashuka bonde na kupanda, mikarafuu huku na huku, Baba Somo akiimba kaswida kwa sauti mbaya sana. Nikajua Baba ameshindwa, nikamhurumia.

Kisha tukampita bibi mmoja aliyekaa juu ya mzigo wake wa kuni. Hakuinua hata mkono. Baba Somo akaacha kuimba. Akapunguza mwendo, akatazama nyuma, akarudi kinyumenyume.

"Huyu ndiye mkunga aliyenizalisha mie," akaniambia. "Nikimpita atasemani?"

Bibi akaingia na kuni zake. Kabla hajaingia aliuliza hali ya mama, ya watoto, ya mke, ya karafuu, na kila alichouliza kilijibiwa, kisha naye akaulizwa. Mbele kidogo tukampakia mwalimu wa chuo na mwavuli wake. Mbele ya mwalimu tukamkuta mtu mwenye mbuzi. Hapo mimi nilishindwa kunyamaza, kwa sababu kuni zilikuwa zinanichoma shingo.

"Baba Somo, huyu nani?"

"Simjui."

"Mbona twasimama?"

"Kanitazama," akasema.

Tulikuwa bado tukigombana na mbuzi, maana hakutaka kuingia na mwenyewe hakutaka kumwacha, basi lilipotupita. Baba alitoa kichwa pembeni mwa basi akatupa salamu ndefu, kamili, na rehema na baraka zake, ili na sisi tulazimike kuiitikia yote. Tulipofika Chake tulimkuta amekaa kwa muuza kahawa, miguu ameikunja.  Alimsogezea Baba Somo kikombe.

Jioni, wakati wa halua, ndipo alipotoa hukumu yake, na watu wa Wete waliirudia kwa muda mrefu. "Basi husimama kwa mpango," alisema. "Gari dogo husimama kwa haya. Na haya haina kituo."

Baba Somo alicheka mpaka akapaliwa. Hakuona aibu hata kidogo. Mimi nimekutana baadaye na watu wengi wenye magari mazuri, na sijamwona mwengine aliyeshindwa mashindano kwa sababu ya namna ile.

Palikuwa na safari moja tu ambayo Baba aliikubali kwa gari dogo, nayo ilikuwa ya Wambaa, kwa bibi yangu, mama yake. Wambaa ni mbali na Wete. Kwa basi ilikuwa ushuke Chake, upande jengine la njia ya Mkoani, ushuke njia panda, kisha uende kwa miguu. Bibi ndiye aliyenilea mpaka nikafika umri wa skuli, na nilipoletwa Wete nililia kwa siku nyingi kuliko walivyotarajia. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye kunusa sufuria kabla ya kula. Gari hakupata kulipanda. Akisema motokaa humtikisa mtu ini. Lakini kila Idi Pili alikaa mlangoni akitusubiri tushuke kwenye gari la Baba Somo, na pweza wa nazi alimpikia Baba Somo, si sisi.

Alipenda kuita jina la mwanawe kwa sauti akiwa jikoni. Wote wawili wakiitika, "Labeka, mama," kwa pamoja, naye akicheka peke yake huko ndani. "Nimezaa mmoja," akisema, "waitika wawili."

Halafu ikaja siasa.

Wasiokuwapo hunitaka niieleze, nami sijui kuieleza ila kwa vitu vidogo. Watu wa upande mmoja waliacha kununua sukari kwa mwenye duka wa upande wa pili. Visima vikagawanywa. Palikuwa na harusi zisizokuwa na majirani na, Mungu atusamehe, palikuwa na majeneza yaliyobebwa na watu wachache wakibadilishana mabega, na njiani wamekaa wanaume wazima wakitazama. Zamani jeneza likipita hata mgonjwa alisimama akaweka bega. Siasa ilifanya kazi hiyo kwa muda mfupi, na vilivyovunjika sijaona mpaka leo aliyeviunga vyote.

Basi la kijani lilikuwa la mtu wa upande wa kule. Baba alikuwa wa huku. Yeye aliyelitetea basi lile miaka na miaka, aliyejua mlio wa gia zake akiwa ndani amelala, aliacha kulipanda, akawa akilisikia likipita huinamia kitambaa. Watu wa huku wakajipatia lori moja kuukuu, wakalitia mabenchi, nalo likaitwa "letu". Halikuwa na jina jengine. Mtu akiuliza, "Wendea lipi?" hujibu, "Letu." Zamani basi moja lilijaa upesi kwa sababu kila mtu alilipanda. Sasa yalikuwa mawili, kila moja likisubiri nusu ya watu, na madereva wamekaa vivulini wakingoja mabenchi yajae.

Na Baba Somo alikuwa wa kule. Sijui ilianzaje baina yao; hapakuwa na neno moja ninaloweza kulitaja. Siku moja hakuja barazani, siku ya pili Baba hakuuliza. Baba akaanza kumwita "yule bwana." Hata kumtukana hakuweza, kwa sababu angetaja jina lake angejitukana mwenyewe. Idi ile tulikwenda Wambaa kwa letu, tukafika wamekwisha kula, na Bibi alichungulia nyuma yetu akauliza, "Mwenzio yu wapi?" Baba akasema ana kazi. Bibi akaenda jikoni akaita jina. Akaitika mmoja.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja baada ya msimu wa karafuu kwisha, akaja jamaa yetu kutoka Wambaa. Alikuwa ametoka usiku kwa baskeli mpaka Chake, akapanda gari la alfajiri. Hakukaa. "Mamako mgonjwa sana," akamwambia Baba. "Kakuulizia. Ukiweza, sasa hivi."

Baba akaacha sindano ndani ya kanzu. Mama alikuwa na kichanga, hakuweza kutoka, basi nilitolewa mimi nifuatane na Baba, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa Bibi. Nilikuwa nimeshaanza kuvaa buibui. Tulikwenda mbio mpaka sokoni, yanapokaa magari.

Basi la kijani lilikuwa limejaa, linanguruma, utingo ameshaning'inia mlangoni. Dereva alikuwa yule yule. Alimwona Baba anakuja mbio, na nadhani mkono wake ulitaka kuinuka, lakini hakumwita, kwa sababu angekuwa anamwita mtu ambaye hawezi kuja. Baba akalipita. Likaondoka tukilitazama. Tukasimama kando ya letu, lililokuwa na vikongwe wawili na gunia la muhogo, na dereva amekwenda kunywa chai.

Hapo likaja gari dogo. Habari Wete haziendi kwa miguu, na Baba Somo alikuwa amekwisha kuzipata. Hakuzima injini, yeye ambaye alikuwa akizima hata kwenye mteremko. Akafungua mlango kutoka ndani.

"Somo," akasema. "Ingia."

Ilikuwa zaidi ya mwaka hawajaitana hivyo. Baba alimtazama. Kisha akatazama pale kwenye kivuli cha duka, ambapo wamekaa watu wetu, watu wa baraza yetu ya siku zile, wote wamegeuza nyuso upande wetu. Nimekaa miaka mingi na picha ya macho yake yakienda kule na kurudi. Lau pangekuwa na sisi watatu tu, angepanda. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

"Nnangoja letu," akasema Baba.

"Letu lipi, yakhe? Mama yuwafa."

"Litaondoka."

Baba Somo akakaa kidogo na mlango wazi. "Basi nipe mtoto," akasema. "Mtoto hana chama. Kalelewa na yeye. Nipe mtoto akamwone."

Mimi nilikwisha kupiga hatua. Baba alinishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, na mimi nikasimama. Msichana wa siku zile hakuwa na neno mbele ya babake, na sijilaumu. Namlaumu yeye, na kumlaumu mtu uliyempenda kuna uchungu wa namna yake. Mlango ukafungwa. Gari dogo likaondoka kwa kasi ambayo sijapata kuliona nayo.

Letu lilichukua muda kujaa. Dereva alitaka watu zaidi, na watu wa huku waliokuwa na safari siku ile walikuwa wachache. Baba hakumhimiza, kwa sababu ingekuwa kukiri kwamba tumechelewa. Tulipotoka, tulikwenda mbio kweli. Hatukusimama pahali. Walikuwapo watu njiani, lakini walikuwa wakilitazama lori kwanza, kisha wanatazama chini, na dereva hakupunguza mwendo. Chake tulikuta gari la njia ya Mkoani linaondoka, nalo si letu. Letu la njia ile, maana nako magari yaligawanywa, lilikuwa bado halijarudi. Tukakaa tena. Baba akatoa tasbihi na hakuisogeza hata punje.

Wanaosema haraka haraka haina baraka, mimi huwauliza kama wamewahi kukaa Chake namna ile. 

Njia panda tulishuka jua limeshainama. Kwenye mchanga wa njia ya Wambaa palikuwa na alama za matairi, zimekwenda, hazikurudi. Baba aliziona, akaanza kutembea juu yake. Mimi nilikuwa nyuma, buibui mkononi. Karibu na kijiji tukakutana na wanaume wanakuja, kanzu wamezikunja, wawili wamebeba majembe. Walipomtambua Baba wakasimama pembeni mwa njia, upande huu na upande huu, wakampisha apite katikati. Mmoja akasema, "Mola akupe subira." Ndivyo Baba alivyojua.

Wazee walimngojea. Nataka iandikwe hivyo, kwa sababu Wambaa hawakumkosea. Bibi alikufa kabla ya adhuhuri, akaoshwa na wanawake, akavishwa sanda, wakamswalia baada ya alasiri, kisha wakakaa na jeneza mlangoni wakitazama njia. Mwisho mkubwa wao akasema haki ya maiti ni kuharakishwa, na jua halimngoji mtu. Wakamchukua.

Baba Somo alikuwa amekaa nje ya nyumba ya Bibi kwenye kinu kilicholazwa. Kanzu yake, aliyoshonewa na Baba zamani zile, ilikuwa na udongo mwekundu kifuani na mikononi, kwa maana yeye ndiye aliyeteremka kaburini kumpokea. Mtoto wa kiume hakuwapo, akateremka yeye. Mimi nilipaswa kuingia ndani kwa wanawake. Sikuingia. Nilisimama ukutani.

Baba alikaa chini, juu ya mchanga. 

"Ulimkuta?" akauliza.

"Nilimkuta."

"Yuna akili zake?"

"Macho yashafunga. Akili zipo." Baba Somo akajipangusa mkono kwenye kanzu, udongo ukazidi kuenea. "Kaita jina, somo. N'kanyamaza. Kaita mara ya pili. Hapakuwa na mwengine wa kuitika."

"Ukasemaje?"

"N'kasema labeka, mama."

Baba alifunika uso wake kwa viganja. Alizungumza kutoka humo humo ndani. "Kasemani?"

"Kasema, 'Ushakuja.' Kanishika mkono. Hakuuliza tena."

Nilidhani Baba atakasirika. Nilitamani akasirike, kwa sababu hasira ningejua kuitazama. Alilia. Sikupata kumwona akilia kabla ya siku ile, na Baba Somo hakumgusa, alikaa tu karibu naye mpaka maghrib ikaadhiniwa. Kabla ya kuinuka Baba aliuliza jambo moja tena, jambo la ajabu kwa wakati ule, lakini mimi nililielewa.

"Ulifika upesi?"

"Upesi sana," akasema Baba Somo. "Njia nzima hapana aliyeninyanyulia mkono."

Wakaenda kuswali pamoja.

Baada ya khitima, siku ya kurudi, Baba hakungoja kuitwa. Alichukua mkoba wetu akautia ndani ya gari dogo, akafungua mlango wa mbele akakaa. Mimi nikakaa nyuma. Baba Somo alipiga hendeli, injini ikawaka, akaingia, tukaondoka. Nilikuwa na huzuni yangu ya Bibi, ambayo ilikuwa kubwa na bado ipo, lakini chini ya huzuni ile palikuwa na kitu kama faraja. Nilifikiri yamekwisha. Nilifikiri watu watamwona Baba ndani ya gari lile, wataona imewezekana.

Hatujafika Chake, Baba akasema, "Simama."

Kando ya njia palikuwa na mwanamke kijana, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimeanguka upande. Baba alitoa kichwa dirishani kama alivyokuwa akifanya kwenye basi.

"Asalamu alaykum, mwanangu. Wendapi?"

"Alaykumu salamu. Spitali. Huyu kakesha na homa."

"Ingia, twakwenda huko huko."

Yule mwanamke alikwisha kuinama kuokota kikapu chake. Ndipo akaliangalia gari. Akamtazama Baba Somo, akalitambua gari ni la nani na ni la wapi. Akarudisha kikapu chini.

"Nendeni tu, baba," akasema, kwa adabu. "Nnangoja letu."

"Letu litachelewa, mwanangu," Baba akasema. "Mie nalijua. Litachelewa."

"Litakuja."

Baba alishuka. Alisimama mbele yake, akamwomba, mtu mzima vile, akamwomba kwa Mungu na kwa Mtume wake. Mwanamke alikuwa akitazama chini na kumtikisa mtoto polepole, na kila Baba alipomaliza alisema lile lile, litakuja. Mwisho Baba Somo akamwita Baba kwa sauti ndogo, "Somo. Tumwache." Baba akarudi garini, akafunga mlango.

Tulipita watu wengi baada ya hapo. Baba Somo alipunguza mwendo kwa kila mmoja, na kila mmoja aligeuza uso, wa huku kwa kuliona gari, wa kule kwa kumwona Baba ndani yake, na mara ya mwisho hakupunguza tena. Njia ilikuwa nyeupe mbele yetu. Tukafika Wete mapema sana, hata adhuhuri ilikuwa bado.